Nyumba Ihamayo na Mkorosho Usiohama

Nyumba ya kuhama ni makazi yanayoweza kuondolewa mahali yalipo na kusimikwa pengine bila kuharibika. Yaweza kuwa chumba chenye magurudumu kinachovutwa na gari, kontena linalopakiwa kwenye lori, hema, au fito na mikeka inayofunguliwa asubuhi na kufungwa tena jioni ng'ambo ya bonde. Wanaoitetea husema inamaliza kero ya msingi, zege na tofali, inakamilika kwa siku chache, na humfuata mwenyewe kwenye riziki yake. Wanaoipinga husema haikopesheki, joto lake halikaliki, na mtu asiye na nyumba ya kudumu huonekana mpita njia hata kwenye kijiji alichozaliwa. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi zina la kusema katika mabishano hayo. Kwa zaidi ya miaka 70 sehemu hizo zimeona kambi, vijiji vizima na hata reli vikihamishwa, na athari zake zingalipo.

Nyumba ya asili ya huku, ukiitazama vizuri, nayo ilikuwa nusu ya kuhama. Kuta zake ni miti iliyochimbiwa ardhini, ikafungwa fito au mianzi kwa kamba za magome, kisha ikakandikwa udongo ndani na nje. Paa lake ni nyasi. Cha kununua ni kidogo mno, gharama ni jasho. Wanaume hukata na kusimamisha miti, wanawake huteka maji na kukandika, na majirani wakijitokeza nyumba husimama upesi. Adui wake ni mchwa. Mti uliochimbiwa mbichi huliwa kuanzia chini, na baada ya miaka michache ukuta huanza kuinama. Hapo mwenye nyumba hana hasara ya kumfunga asiondoke. Zamani, shamba lilipochoka, Wamwera, Wamakua, Wayao na Wangindo walisogea kwenye pori jipya wakajenga huko, na nyumba ya kwanza ikarudi kuwa udongo. Kuta ziliachwa, mlango, vyombo na ujuzi wa kujenga vilikwenda na mwenyewe.

Mfano ulio hai mpaka sasa ni dungu. Mahindi, mtama au mpunga unapokaribia kuiva, watu wengi huhamia mashambani kulinda. Dungu lina nguzo nne, jukwaa la fito lililoinuliwa kupita kimo cha mtu, kipaa cha nyasi, ngazi ya fito, na moto chini yake unaofuka usiku kucha. Mlinzi hulala hapo na debe la kupiga na tochi. Wageni wake ni nguruwe pori na nyani, na katika vijiji vilivyo upande wa pori la Selous, tembo, ambaye debe halimtishi sana. Mavuno yakishaingia ghalani dungu huachwa lianguke, na mwakani hujengwa jingine. Kaya yenye nyumba kijijini na dungu au kibanda shambani inaishi kwenye makazi mawili kwa mwaka mmoja, jambo ambalo watetezi wa nyumba za magurudumu huko Ulaya na Marekani hulieleza kana kwamba wamelivumbua wao.

Makazi ya kuletwa kutoka nje yalifika na karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga Afrika Mashariki ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukapendekeza kusafisha ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Jimbo la Kusini, ambamo Nachingwea imo, likapangiwa eneo kubwa kuliko Kongwa na Urambo. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Nachingwea. Waliotangulia kufika walilala kwenye mahema na mabanda ya muda, kwa sababu mpango ulikuwa na haraka kuliko mafundi wake. Shirika la Overseas Food Corporation lilipokabidhiwa usimamizi mwaka 1948, kusini kulikuwa kunajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, yote kwa ajili ya zao ambalo lilikuwa halijastawi.

Halikustawi. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa ukiwa umekwishakula takriban pauni milioni 36. Mahema yakakunjwa, mitambo ikatawanyika, na reli yenyewe, iliyokosa mizigo ya kutosha, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yake kung'olewa. Si mara nyingi reli ikawa kitu cha kuhama. Kilichosalia ni kile kilichokuwa na msingi. Mji wa Nachingwea ulibaki, mitaa na majengo yake yakapata wenyewe wengine, na katika miaka ya 1960 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaweka karibu na hapo kambi yake kuu ya mafunzo, iliyotumika hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mahema ya wakulima wa karanga hayakumfaa mtu yeyote aliyekuja baadaye.

Kuhama kwa watu wenyewe kulikuwa na uchungu zaidi. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wangindo wengi katika pori la Liwale, jirani na Nachingwea, eneo lililoingizwa katika hifadhi ya Selous. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kufikia 1976 mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyotangulia, kwa sababu vita ya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa imefanya watu wa mpakani wakusanywe mapema. Malori yalibeba watu, vyombo, kuku na milango. Ukuta wa udongo haubebeki, kwa hiyo waliofika kwenye kijiji kipya walianza upya na miti na fito, wengine wakati mvua imekwishaanza.

Kilichoshindikana kabisa kubebeka kilikuwa mkorosho. Mti huo huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka mitatu hivi, ukaendelea kwa miongo kadhaa, na nchi hizi za kusini ndizo zilizokuwa tegemeo la korosho ya Tanzania. Watu walipowekwa mbali na mikorosho yao, palizi ilikoma, nyasi zikapanda, moto wa kiangazi ukapita chini ya miti, na korosho zikaoza zilipoangukia. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Kuhamishwa kwa watu hakukuwa sababu pekee, kwani bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeingia mashambani. Hata hivyo umbali kati ya kitanda na shamba ulichangia sehemu kubwa, na yeyote anayepigia debe nyumba za kuhama kusini mwa Tanzania angepaswa kuanza na takwimu hiyo. Mkulima wa mazao ya kudumu ana mali isiyong'oka, na makazi yake huifuata mali hiyo.

Mambo ni tofauti kwa mwenye mali yenye miguu. Kaskazini mwa Kenya, Wagabra na Warendille wana nyumba ambayo ni ya kuhama kwa maana kamili: fito ndefu zilizokunjwa kuwa kuba, zikafunikwa mikeka na ngozi. Ni kazi na mali ya wanawake. Siku ya kuhama, mwanamke huifungua, na fito zilezile zilizokuwa paa hugeuka kuwa sehemu ya tandiko la ngamia, zikabeba mikeka, vyombo na watoto wadogo. Wasomali wafugaji wana nyumba ya namna hiyo hiyo, aqal. Hakuna fundi wa kulipwa wala kifaa cha kutupwa. Nyumba hiyo imedumu kwa sababu imekaa sawasawa na nchi yake, ambako mvua haina ahadi, malisho hayana mwenyewe mmoja, na mnyama wa kubeba yupo. Ukiipeleka Ruangwa, penye msimu mmoja mrefu wa mvua tangu Desemba mpaka Aprili na udongo unaoshika, mikeka ingeoza kabla ya masika kwisha, na ngamia hayupo.

Lindi imepokea wafugaji pia. Serikali ilipowaondoa wenye mifugo katika bonde la Ihefu, Mbarali, mwaka 2006 na 2007, mkoa huu ulikuwa miongoni mwa mikoa waliyoelekezwa. Wasukuma na Wabarabaigi waliofika walianza na vibanda vya fito na maturubai pembeni ya zizi. Ugomvi uliofuata kati yao na wakulima ulihusu maji, mazao na mipaka, lakini ulikuwa na upande wa makazi ambao haukuzungumzwa sana: katika macho ya kijiji, aliye chini ya turubai bado ni mgeni, na mgeni haulizwi ardhi inapogawanywa. Wengi wa waliokusudia kubaki walijenga nyumba za tofali.

Katika miaka ya karibuni, anayezungumzia nyumba ya kuhama mjini Nachingwea au Ruangwa huwa anamaanisha kontena. Kontena dogo la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59; ndani hubaki nafasi ya mita za mraba 14 hivi, sawa na chumba kimoja kikubwa. La futi 40 ni mara mbili yake. Tupu, dogo huwa na uzito wa zaidi ya tani 2, kubwa karibu tani 4. Limetengenezwa kwa chuma cha kustahimili chumvi ya bahari, na nguvu yake imo kwenye nguzo nne za pembeni, ndiyo sababu makontena hupangwa moja juu ya jingine melini. Fundi akikata madirisha makubwa kwa grinda bila kurudishia fremu ya chuma, ukuta hulegea. Bandari ya Mtwara, inayosafirisha korosho kwa makontena, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Nachingwea, na safari hiyo pamoja na winchi ya kupakia na kushusha huongeza bei ya kitu kinachosifiwa kwa urahisi wake.

Tatizo kubwa ni jua. Ukuta wa udongo wenye unene wa shubiri moja hupokea joto polepole na kulitoa polepole, ndiyo maana saa nane mchana ndani ya nyumba ya kukandikwa mtu anaweza kulala usingizi. Chuma hakina subira hiyo. Kontena lililoachwa wazi juani huwa na joto kuliko nje, na usiku wa Juni au Julai, baridi inapoingia, pumzi za waliolala hugeuka matone ya maji darini. Dawa zipo. Huwekwa paa la pili la bati au nyasi juu yake, likiachiwa nafasi ya hewa kupita. Hutobolewa madirisha yanayotazamana. Huwekwa silingibodi na kitu cha kuzuia joto nyuma yake. Na likipata kivuli cha mwembe, hali hubadilika kabisa. Ila likishapata paa la pili, baraza, choo cha shimo, tangi la maji na mita ya LUKU, limeota mizizi. Kulihamisha sasa ni kuvunja nyumba, na faida iliyokuwa imelipiwa imepotea.

Upepo nao si wa kudharauliwa. Kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952 kiliangusha nyumba na minazi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam kuelekea kusini. Nachingwea iko mbali na bahari, lakini kitu chepesi kisichofungwa kwenye nguzo za zege husukumika hata na dhoruba ya kawaida ya Novemba.

Mahali ambapo makazi ya kuhama yamethibitika kufaa ni migodini. Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo huhitajika katika betri, na Nachingwea ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Timu za utafiti hukaa miezi au miaka michache, kisha huondoka. Kwao hema zuri na ofisi ya kontena ni hesabu sahihi. Wachimbaji wadogo wa vito na dhahabu hufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo. Habari ya eneo jipya ikisambaa, ndani ya wiki moja panakuwa na mtaa wa fito na maturubai, mama ntilie, mashine ya kuchaji simu na bodaboda. Duara, yaani shimo la madini, likikauka, mtaa wote hupakiwa kwenye fuso. Kasoro ya kambi hizo ni choo na maji, na kipindupindu hakingoji mtu aamue kama atabaki.

Marekani hutajwa sana kama nchi iliyofaulu. Ni kweli kwamba watu wapatao milioni 20 huko wanaishi katika nyumba zilizotengenezwa kiwandani na kuvutwa barabarani, na tangu 1976 kuna viwango vya serikali kuu vinavyozisimamia. Ila nyingi husafiri mara moja tu maishani, kutoka kiwandani hadi kiwanjani. Wakazi wengi humiliki nyumba lakini hupanga kiwanja, na mwenye kiwanja akipandisha kodi hawana pa kuipeleka, kwa kuwa kuihamisha ni maelfu ya dola na iliyozeeka yaweza kuvunjika njiani. Thamani yake nayo mara nyingi hushuka, hasa inapokaa juu ya kiwanja cha mtu. Mtanzania anayevutiwa na picha za nyumba hizo anapaswa kujua kwamba uhuru wake umo zaidi kwenye picha.

Kwa Tanzania, sheria imeegemea upande wa msingi. Ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inahesabu kuwa sehemu ya ardhi majengo na vitu vilivyoshikamanishwa nayo kwa kudumu. Chumba cha magurudumu kwa maana hiyo ni chombo, sawa na tela, na kikipita barabarani kinatakiwa kusajiliwa kama tela. Benki haiwezi kukiwekea rehani kama inavyofanya kwa nyumba yenye hati. Ardhi inapotwaliwa, fidia hukadiriwa kwa thamani ya ardhi na maendelezo yake, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Katika miradi ya kinywe wilayani Ruangwa nyumba na mikorosho ya wenyeji imebidi kuthaminiwa hivyo. Mwenye kitu cha kubebeka ataambiwa, kwa haki kabisa, akibebe. Vijijini, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo inatumika, wengi bado hawana hati ya hakimiliki ya kimila, na ushahidi wao mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji ni nyumba waliyojenga na miti waliyopanda. Kuondoa nyumba ni kuondoa nusu ya ushahidi.

Pamoja na hayo, watu wa Nachingwea na Ruangwa wana jibu lao, nalo halizungumzwi kwenye mijadala ya wataalamu. Fedha ya korosho huja kwa mkupuo, baada ya minada inayoendeshwa chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kuanzia Oktoba, na sehemu kubwa ya fedha hiyo huishia kwenye bati. Bati ndilo linalohama. Mtu anapoacha nyumba, hupanda juu, akang'oa misumari kwa nyundo ya makucha, akashusha bati moja moja na kuyapanga kwenye tela la trekta pamoja na fremu na milango ya mninga. Ukuta wa udongo huachwa uyeyuke na mvua. Nyumba mpya ikisimama, bati hurudi juu ya papi mpya, matundu ya zamani yakazibwa kwa lami au vipande vya mpira. Bati jembamba la geji 30 huchanika kwenye matundu baada ya kuhamishwa mara moja au mbili. La geji 28 hustahimili. Anayefunga kwa skrubu zenye washa za mpira badala ya misumari hulishusha likiwa karibu zima.

Utaratibu huo una akili kuliko kontena. Sehemu ya nyumba inayogharimu fedha taslimu ndiyo inayosafiri, sehemu inayogharimu jasho hubaki ilipo, na ardhi yenye mikorosho inaendelea kuwa na mwenyewe anayeonekana. Halmashauri na vyuo vya ufundi stadi vingeweza kuuendeleza kwa gharama ndogo: kenchi zinazofungwa kwa bolti ili zifunguke, fremu zinazoshikwa kwa vishikizo badala ya kuzikwa kwenye zege, na nguzo za miti zilizopakwa dawa ya mchwa. Makazi ya kuletwa tayari yabakie penye kazi za muda, kama kambi ya utafiti, kliniki ya chanjo ya msimu, au hifadhi ya walioathirika na mafuriko kama yale ya Januari 2020 mkoani Lindi.

Kwa kaya yenye mikorosho, basi, kontena ni stoo nzuri na duka zuri. Familia inayofikiria kulala humo mwaka mzima itapata makazi bora zaidi kwa tofali za kuchoma, bati la geji 28 lililofungwa kwa skrubu, na hati ya kimila iliyohifadhiwa mahali pakavu.